Tulifuata Maisha Rahisi Keumbu

Nyaboke alinipigia simu Jumapili asubuhi, akaniambia kwa sauti yake ya kila siku kwamba mama yake, Kerubo, amepumzika, na kwamba mazishi ni Alhamisi. Hakuniuliza kama nitakuja. Walioniuliza ni wajukuu zangu hapa Nairobi: Bibi, kwa goti hilo, mpaka Keumbu? Nikawaambia goti ni langu na barabara ni ya serikali, kazi yao wao ni kunitafutia gari. Nililala Kisii mjini, nikafika Keumbu umande haujakauka, nikashikwa mkono na kuketishwa kwenye viti vya mbele pamoja na mabinti wa marehemu, mimi na buibui langu katikati ya akina mama wa kanisa waliojifunga vitambaa vyeupe kichwani, na hakuna aliyeshangaa. Baada ya hotuba ya chifu wakasema yule mama wa Nairobi naye aseme machache. Nikasimama. Nikasema, "Kerubo alimfundisha mama yangu kupalilia wimbi," kisha nikaketi. Niliwaona vijana wakitazamana, kwamba huyu ajuza katoka Nairobi kote huko kuja kusema hilo tu. Ndiyo, ni hilo tu. Lakini lina mwaka mzima ndani yake, na kwa kuwa sikuweza kuusema pale mbele ya jeneza, nauandika.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha si zamani sana. Tulikaa Majengo, Nairobi, chumba kimoja chenye pazia katikati: upande wa dirisha kitanda cha baba na mama, upande wa mlango mkeka wangu na mdogo wangu Saidi, ambaye alikuwa bado ananyonya. Pazia halizuii maneno, na mimi nililelewa na maneno ya nyuma ya pazia kuliko ya mbele yake. Baba alikuwa fundi cherehani. Kila kitu kilikuwa kimepanda, kodi, makaa, unga, hata maji ya debe, na mwenye nyumba wetu, bibi mmoja wa kujipodoa sana, alikuwa na mazoea ya kusimama mlangoni na kukohoa kidogo kila mwisho wa mwezi. Basi jioni moja nikamsikia baba akimsimulia mama habari alizopewa na dereva wa lori aliyetoka Kisii. Huko, alisema, mkungu wa ndizi mtu anaupata kwa bei ya chai na mandazi ya Nairobi. Maziwa watu wanamwaga. Nyumba nzima, si chumba, nyumba na uwanja wake na kishamba cha pembeni, kodi yake ni ya kucheka. Baba aliposema maneno hayo sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesimulia ndoto asiyotaka kuamka.

Mama hakucheka. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtoto wa Majengo hasa, mwanamke wa shoga zake, wa kusukana nywele uani na kuambizana ya watu mpaka magharibi. Alimwambia baba mkataa kwao mtumwa. Baba akasema sisi kwetu ni wapi, kwa yule bibi wa kukohoa? Wakazungumza hivyo siku tatu, wanaacha na kuanza tena, mpaka nikasikia mama akisema taratibu, bila hasira, na kwa kuwa hakuwa na hasira nikaogopa: "Nakupa mwaka mmoja, Baba Zuhura. Mwaka ukiisha na hujanirudisha, nitajirudisha mwenyewe na wanangu. Wewe utabaki na ndizi zako." Baba akasema haya. Nami pale kwenye mkeka nikamkumbuka rafiki yangu wa nyumba ya tatu, ambaye wazazi wake waliachana, akawa wiki hii yuko kwa baba Pumwani na wiki ijayo kwa mama Kariokor, na kifurushi chake cha nguo hakifunguliwi. Nikaapa moyoni mama hatatuondoa kwa baba. Nilijipa kazi ya kumlinda mama mwaka mzima, asijue.

Tulikwenda kwa gari moshi mpaka Kisumu, halafu lori, na cherehani ya baba ilifungwa blanketi kama mgonjwa. Keumbu tulifika mvua ikinyesha. Sikuona kitu jioni ile ila moto wa jikoni na uso wa mwanamke mrefu aliyetupokea, aliyekuwa na mwanya na kibuyu cha maziwa mkononi. Huyo ndiye Kerubo. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye majani chai huko Kericho, na nyumba tuliyopanga ilikuwa ya shemeji yake aliyehama, nyumba ya udongo na nyasi, mita chache tu kutoka kwake. Kerubo mwenyewe aliwahi kukaa Kericho na mumewe, ndiko alikookota Kiswahili chake. Asubuhi nilipofungua mlango sikuona dunia. Ukungu ulikuwa umesimama kizingitini, mweupe, mzito, na ndani yake nikasikia jogoo, na mtu akikohoa, na maji yakienda mahali fulani chini, na msichana akaimba kipande cha wimbo akanyamaza. Nilisimama pale miguu imeniganda kwa baridi, nikadhani labda bado nimelala. Mpaka leo, nikitaka usingizi usiokuja, huwa nafungua mlango ule.

Ukungu ulipoinuka zikatokea ndizi, halafu kilima, halafu kilima kingine nyuma yake, vyote vya kijani, hakuna hata pahali pa kuweka jicho palipo pakavu. Yule msichana wa wimbo alikuwa Nyaboke, binti wa Kerubo, wa rika langu. Hakujua Kiswahili, nami sikujua Ekegusii, tukawa marafiki kwa kuonyeshana vitu. Alinionyesha njia ya kisima, jiwe la kusugulia visigino, na ule ugali wao wa wimbi, obokima, mwekundu wa kahawia, unaoletwa kwenye kikapu kidogo ili usipoe. Tulikula kwao mara nyingi kuliko kwetu. Nyumbani mwa Kerubo mlikuwa na giza tamu la moshi, na ukiinua macho uliona dari ya fito iliyobeba wimbi la mwaka uliopita, na mboga ya chinsaga ilipikwa kwa maziwa toka jana yake mpaka uchungu wake ukawa mtamu. Kerubo alikuwa Msabato, hali nguruwe, haonji pombe, na mama alipojua hivyo alishusha pumzi, akasema angalau tumeangukia kwa watu wenye mpaka. Ndilo neno zuri la kwanza mama alilolisema Keumbu, nami nikaliweka.

Na kweli maisha yalikuwa rahisi. Baba alipata kibaraza cha duka pale sokoni, akaweka cherehani yake, na kila jioni alirudi na kitu: mahindi mabichi, mayai ndani ya majani makavu ya ndizi, kuku. Alimwekea mama mezani na kumtazama usoni. Maziwa yalitoka kwa Kerubo, mboga kwa Kerubo, moto tuliomba kwa Kerubo kwa kigae ili tusinunue kiberiti, na ndizi zilituangukia mlangoni bila kujua nani kazileta. Nani alihesabu? Baba alikuwa akisema, "Unaona? Nilikuambia huku maisha ni bure." Mama alipika vizuri kwa sababu hakujua kupika vibaya, akatia maziwa mahali pa nazi, akala kidogo, akautazama mwezi. Alikuwa anauhesabu mwaka wake kwa mwezi mwandamo, akimwambia baba kwamba mwaka aliompa ni wa Kiislamu, na baba akisema hapana, ni wa kalenda ya ukutani dukani kwake, na walibishana hilo kwa mzaha ambao mimi sikuuona mzaha. Sanduku lake la kanga hakulifungua. Alizungusha kanga mbili zilezile, akizifua na kuzianika juu ya moto, maana jua la huko lina siku zake.

Sasa nakuja kwenye wimbi. Kishamba kilichokuja na nyumba kilikuwa kimepandwa tayari tulipohamia, na mvua kubwa ilipoanza kikafunikwa na majani. Baba aliuliza sokoni kama kuna vibarua wa kupalilia, watu wakamjibu kwa adabu na hakuna aliyekuja. Kisha asubuhi moja Kerubo akatokea na wanawake sita, kila mmoja na kijembe chake kidogo, wakachuchumaa mstari mmoja mwanzo wa shamba, wakaanza kwenda mbele wakiimba, polepole, bila kuinua migongo, na ukungu ukawafuata nyuma. Nilikaa mlangoni na Saidi mapajani nikiwatazama. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, mmoja akianza na wengine wakipokea, na kila walipopita ardhi ilibaki imechanuka, na miche midogo ya wimbi imesimama kwa mistari. Adhuhuri walikuwa wamemaliza. Mama, ambaye hakupenda kushindwa kwa wema, alichinjisha kuku wawili, akawapikia pilau ya Majengo, akatoa hata iliki aliyoificha. Wakala, wakacheka, wakamwita Mama Suhura, maana z haiwakubali, wakaenda zao. Jioni ile mama alisema deni la wema limelipwa, na alilala usingizi mzuri.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa mjini. Mjini mtu akikusaidia unamshukuru, unamlisha, mmeachana salama. Kumbe wale wanawake hawakuja kutusaidia. Walikuwa wamemwingiza mama katika egesangio yao, zamu ya kulimiana: leo sote shambani kwako, kesho kutwa sote shambani kwa fulani, mpaka mzunguko uishe. Kerubo alikuwa amemsemea mama, kwamba huyu mgeni ni wetu, na wakaanza na shamba letu kwa heshima ya ugeni. Pilau waliila kama chakula cha mchana. Malipo yenyewe yalikuwa mama, mgongo wake na siku saba. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu mzima duniani asiyelijua hilo. Shamba la kwanza wakapita, mama hakwenda. La pili hakwenda. La tatu lilikuwa la Kerubo mwenyewe, na sisi tulisikia nyimbo zao kutoka kwetu, na mama akasema, "Wanaimba vizuri leo," akaendelea kuchambua mchele.

Hawakugomba. Afadhali wangegomba. Kibuyu cha maziwa hakikuja kesho yake, wala kesho kutwa. Nilipokwenda kuomba moto Kerubo alinipa, lakini alinipa mlangoni, na Nyaboke hakutoka. Ndizi zikaacha kutuangukia. Mama akanunua kiberiti, akanunua maziwa sokoni, akanunua mboga, na kuni alizileta mwanamke mmoja wa mbali aliyetuuzia kwa bei ya kututambua kwamba ni wageni. Baada ya wiki mbili baba hakusema tena kwamba huku maisha ni bure. Alielezwa habari ya zamu na mteja wake mmoja sokoni, akaja nyumbani amefurahi, kwamba kumbe ni jambo dogo. Akafunga pesa ndani ya karatasi, malipo mazuri ya vibarua saba kwa siku moja, akanituma kwa Kerubo. Nilizipeleka. Kerubo alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, na siku ya soko akaenda nazo mpaka kibarazani kwa baba, watu wamejaa, akaziweka juu ya cherehani. Akasema, "Fundi, mimi si kibarua yako." Basi. Akanunua chumvi akarudi kwake. Baba alitusimulia jioni ile huku anatazama viatu vyake.

Nilikuwa nimemkodolea mama macho, maana nilijua sasa atasema twende zetu, sababu ameipata, na sababu nzuri. Badala yake akamwambia baba, "Ulisema huku vitu ni rahisi. Si rahisi. Tulikuwa tunabebwa." Nikaona amewaka uso, si kwa hasira ya baba. Ilikuwa aibu. Mama angeweza kuvumilia matope, baridi, hata kukosa shoga, lakini kuitwa mla bure hakuweza, hakulelewa hivyo. Baba akajaribu mzaha, akasema wahenga walituonya, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tumekaa miezi minne. Mama akasema, "Basi nipe jembe." Baba alidhani bado ni mzaha.

Shamba la Kerubo lilipaliliwa mara ya pili majuma machache baadaye, na mama alikwenda. Hakualikwa. Alifunga kanga kiunoni, ya pili kichwani, akamwacha Saidi na mimi, kisha akabadili mawazo akasema tumfuate sote. Wanawake walipomwona wakasogea, wakamwachia nafasi mwisho wa mstari, bila salamu ndefu. Mama akachuchumaa. Mama yangu alikuwa na mikono myepesi, mikono ya kupepeta na kusuka, na alipoona wenzake wanakwenda polepole akaona hapa ndipo pa kuosha uso. Akaenda mbio. Aling'oa, akatupa, akang'oa, akatupa, jasho linamtiririka, haimbi kwa sababu hajui wimbo, na kila akiinua kichwa alikuwa mbele ya wote. Nilijivuna, wallahi. Nilimwambia Saidi tazama mama. Alifika mwisho wa shamba peke yake, akasimama, akashika kiuno, akageuka kuwangoja kama mshindi.

Kerubo aliinuka kutoka mstari wake, akaja akapita juu ya kipande cha mama, akiinama hapa na pale. Halafu akaketi chini, palepale kwenye udongo. Nyimbo zikakatika. Kuna gugu moja linaloota ndani ya wimbi ambalo linafanana nalo kama pacha, jani kwa jani, na wenyewe hulitambua kwa vidole zaidi ya macho. Mama alikuwa amelipalilia gugu vizuri sana. Alikuwa ameliacha limesimama kwa mistari, safi, limenyooka, na wimbi lote la kipande kile, chakula cha Kerubo na wanawe cha miezi, lilikuwa limelala kwenye matuta limeanza kunyauka. Kerubo akachukua jani moja lililosimama na moja lililolala, akayaweka kiganjani, akamwonyesha mama. "Mama Suhura, hii umeacha ni nyasi. Hii umetupa ndiyo sisi nakula."

Sijawahi kumwona mama akilia kabla ya hapo, hata siku tunaondoka Majengo na shoga zake wamejipanga ukutani. Alilia wima, mikono imejaa udongo, hawezi hata kujifuta. Sasa nikiwa mkubwa kuliko yeye alivyokuwa, najua alikuwa analilia vitu vingi pamoja: chumba chenye pazia, miezi aliyoihesabu, mikono yake aliyoiamini. Wale wanawake walitazama pembeni kwa heshima. Nilimngoja Kerubo amtukane, na nikajua akimtukana tutaondoka wiki hiyohiyo, na baba atabaki. Kerubo akainuka, akajikung'uta sketi, akasema, "Mimi mwaka ya kwanza naolewa nilimaliza wimbi ya mama mkwe yangu hivi hivi. Alinipiga na kuni. Wewe sitakupiga." Halafu ule mwanya ukaonekana, na mmoja wa wanawake akashindwa kujizuia, na mwingine, na shamba zima likaangua kicheko, na mama katikati yao analia na kucheka, anauliza kwa kwikwi kama kuni yenyewe ilikuwa kubwa.

Kuanzia siku ile mama alikwenda kwa Kerubo kila asubuhi. Kipande kilichokufa walikipanda marando ya viazi vitamu, wawili wao, na kazi ikiisha Kerubo alimshika mama vidole na kuvipitisha kwenye mashina, hili, na hili, na hili, sema ni lipi. Mama alikuwa akirudi nyumbani anasugua kidole gumba na cha shahada kana kwamba bado kuna kitu katikati. Alikwenda zamu zote. Akajifunza nyimbo, akaziimba jikoni kwa sauti ya Majengo zikawa kitu kingine kabisa. Maziwa yakarudi, Nyaboke akarudi. Wimbi likakomaa, na tulipolikata kwa visu vidogo jua lilitoka siku tano mfululizo, na vilima vyote vikawa na rangi moja na mikono ya wanawake. Ninapoufikiria mwaka ule huwa naziona siku zile tano, jinsi tulivyokaa juu ya ngozi za ng'ombe na masuke yamekaukia kati yetu, mama amenyoosha miguu, na Kerubo akimsimulia kwa Kiswahili chake cha majani chai ugomvi wa mtu na mke mwenzake, na mama akisema, "Eeh? Halafu?" kama alivyosema uani Majengo. Siku mojawapo nilimkuta amefungua sanduku. Kanga zote zilikuwa juu ya kamba. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaruka peke yangu kwa furaha, maana nilijua nimeshinda.

Nilikuwa namtazama mama tu. Ningegeuza kichwa kidogo ningeona mengine. Cherehani ya baba ilikuwa inanyamaza siku nzima mpaka siku ya soko, na huko watu walishona nguo baada ya mavuno na karibu na Krismasi, basi. Aliyekuja kibarazani alikuja na kuku, na fundi hawezi kuvaa kuku wala kununua nyuzi kwa kuku. Hakuwa na zamu ya mtu. Wanaume wa rika lake walikuwa Kericho, au Nairobi kulekule alikotoka, na wazee walimsalimu vizuri wakaendelea na Ekegusii chao. Alikuwa akisimama barabarani jioni kutazama malori yakipita, akirudi ananiambia lile lilikuwa na namba za Nairobi. Alikuwa na gazeti moja la zamani alilolisoma mpaka likachanika kwenye mikunjo. Obokima alikula tonge tatu, akasema ameshiba. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake na watoto na vicheko, na yeye aliingia akipiga hodi. Hayo yote niliyaona, ndiyo maana naweza kuyaandika, lakini niliyaona kama mtu anavyoona mvua ya kilima cha pili.

Mwisho wa mwaka, wa mwezi na wa kalenda yote miwili, barua ilimfikia baba kutoka kwa mwenye duka la nguo aliyemfanyia kazi zamani. Alitaka mkataji, na mshahara ulikuwa wa kutosha kulipa hata vyumba viwili. Baba aliisoma barua wakati wa chakula cha jioni, polepole, akaikunja. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Akasema, "Haya, Mama Zuhura. Mwaka wako huo. Nakurudisha." Nikamtazama mama. Mama aliendelea kumlisha Saidi. Akasema wimbi jipya linalimiwa sasa, kuna mashamba mawili ya watu hajayalima, na la Kerubo ni lake kabla hata halijawa la Kerubo. Baba akacheka, akamwambia aache utani. Mama akainua macho, akasema kwa upole, "Tangulia wewe. Huku hatutumii kitu, utaweza kuweka akiba. Wanawake wote hapa ndivyo walivyo." Na ilikuwa kweli, ndivyo walivyokuwa. Baba aliishika ile barua kwa muda, kisha akaitia mfukoni. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba maisha huku ni rahisi, angesema nini?

Alikuja Idi ile, na Idi nyingine, na zawadi tele. Kisha Idi moja hakuja, yakaja majora ya vitambaa tu kwa mkono wa dereva, na baadaye tukasikia kwa dereva huyohuyo kwamba ana nyumba Pumwani, na ndani ya nyumba kuna mtu. Mama alisema Nairobi ni ghali, mtu hawezi kuishi peke yake. Siku mbili hakwenda shambani, na Kerubo akaja akakaa naye, na sikusikia walichozungumza kwa sababu nyumba ile haikuwa na pazia, ilikuwa na mlango, na waliufunga. Mama aliishi Keumbu mpaka nikaolewa, na hakuna siku niliyomsikia akisema alikosea. Labda hakukosea. Mimi ndiye ninayerudi kwenye siku ya lori.

Lilikuwa limesimama mbele ya duka, injini inanguruma, na cherehani imefungwa blanketi lile. Mama alikuwa ameagana naye nyumbani, akaniambia nimsindikize baba kisha nirudi upesi, leo ni zamu yetu na wanawake wanakuja. Baba alipanda, akashuka tena. Aliinama akanirekebisha ukosi wa gauni, gauni alilonishonea mwenyewe, akachelewesha mikono pale. Akaniuliza, "Zuhura, wewe unaonaje? Nibaki?"

Aliniuliza mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu, kwa sababu hakuwa amebaki na mwingine wa kumuuliza. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nimejifunza kumwomba mtu mmoja tu asiondoke. Nikamwambia, "Mama amesema utakuwa unakuja." Akasema haya, mwanangu. Akapanda. Sikungoja lori lifike kwenye kona. Nilikimbia njia nzima kurudi, nimekunja gauni magotini, nikakuta wanawake wameshachuchumaa na nafasi yangu imeachwa kati ya mama na Kerubo, nikachukua jembe.